Baa ya Wasiosimama

“Shemeji, nimiminie na mimi. Leo nimekuja kupiga kura.”

Hapo ndipo nilipokukatia uhondo wiki jana, msomaji, na najua umekaa nayo siku zote hizi kama mfupa uliokukwama kooni. Wengine mmenisimamisha barabarani mkanishika shati. Niachieni shati langu, tuendelee.

Diwani alikuwa mlangoni kwa Shangazi, mikono mifukoni, suti imenyooka utadhani imepigwa pasi yeye akiwa ndani yake. Nyuma yake Sajenti na askari wake wamejipanga kwenye kizingiti. Ndani, watu wa sokoni wamejaa mabenchi yote, kila mmoja ameinua glasi na glasi imeishia nusu ya njia. Hakuna aliyekunywa. Hakuna aliyeirudisha mezani.

Kwa wewe uliyeliazima gazeti hili kwa jirani, nikudokeze upesi. Manispaa inataka kulivunja soko ijenge maegesho ya magari. Ili watu wasipige kelele, imepiga marufuku mikutano isiyo na kibali, na ukienda kuomba kibali unaambiwa mhusika yuko likizo. Ila kuna siku Sajenti, akiwa amechangamka, ulimi ulimteleza kwenye kaunta hiihii. Alisema mtu akisimama akawahutubia wenzake, huo ni mkutano. Lakini watu wakiwa wamekaa, wana vinywaji, wanaongea, hiyo ni baa tu.

Basi! Tangu siku hiyo kwa Shangazi hakuna anayesema neno la siasa akiwa amesimama. Ukiwa na hoja, kaa uitoe. Ukiikubali hoja ya mwenzako, kunywa funda. Ukiikataa, glasi yako ibaki mezani. Hata Shangazi mwenyewe husema akiwa juu ya stuli yake ndefu nyuma ya kaunta.

Na kila mtu anajua bei ya kukosea. Siku atakaposikika mtu mmoja akihutubia amesimama, leseni ya Shangazi inachanwa, mlango unapigwa kufuli, na watu wa sokoni hawatakuwa na hata pa kulalamikia.

Hoja ya mchana ule ilikuwa hii: kesho asubuhi tingatinga likija, tuhame au tulale mbele yake?

“Humu ndani kura ni ya wanywaji,” Shangazi alimjibu Diwani kutoka kwenye stuli yake. “Na wewe hujanywa kwangu tangu tulipokuchagua.”

“Ndiyo maana nina kiu, shemeji.”

Watu wakacheka kidogo.

Nisikufiche, Diwani huyu ni mdogo wa marehemu mume wa Shangazi. Mabenchi haya ndiyo yaliyomfikisha alipo. Hapa ndipo alipojifunza kuongea na watu, hapa ndipo alipoahidi soko halitaguswa, na hapa ndipo watu walipompigia vigelegele mpaka koo zikawakauka. Akapata kiti, akahamia mtaa wenye mageti, na njia ya kuja hapa akaisahau kabisa.

Lakini desturi ya kupiga kura kwa funda ilianza baada ya yeye kuhama. Alijuaje?

“Nani kamwambia?” Fundi Viatu aliuliza kwa kunong’ona, macho yamemtoka pima. “Mama, nani kamwambia huyu?”

Aliyeulizwa alikuwa Mama Vitunguu, mwenyekiti wa wafanyabiashara wa soko. Yeye na Shangazi ni marafiki wa tangu usichana. Wamebebeana watoto, wamezikiana waume. Mama Vitunguu alitikisa kichwa tu, akaendelea kuishika glasi yake kwa mikono yote miwili.

Diwani akaingia ndani. Askari wakabaki mlangoni.

“Binti, hebu ongeza sauti ya redio.”

Binti ni mtoto wa pekee wa Shangazi, ndiye anayehudumia meza. Alimtazama mama yake, kisha akajiegesha pembeni ya benchi ndipo akajibu. “Baba Mdogo, watu wanaongea.”

“Ndiyo maana nasema ongeza, mwanangu. Au mnataka siri zenu zote ziishie kwenye masikio ya Sajenti?”

Lilionekana neno la maana. Redio ikaongezwa, na spika yake kuukuu ikaanza kuitetemesha kabati ya chupa.

“Fundi!” Diwani alimgeukia Fundi Viatu. Ilibidi apaze sauti. “Bado unagonga misumari? Juzi nilimwona mkeo kule mjini. Viatu vyake kavipeleka kwa fundi mwingine.”

Baa nzima ikamgeukia Fundi. Fundi Viatu ni mtu wa hasira za karibu, damu yake huchemka kabla hujamaliza kumtukana. Alichomoka kwenye benchi, magoti yamekunjuka nusu, kidole kimeshaelekezwa.

Sajenti naye akanyanyua mguu kuvuka kizingiti.

“Fundi, makalio chini!” Shangazi alifoka.

Fundi akakaa. Mguu wa Sajenti ukarudi nje.

“Kaa, kaka yangu,” Shangazi alimwambia, sasa kwa upole. “Huoni anachotaka? Anakutafuta usimame.”

“Nimekaa, Shangazi. Ila moyo umesimama.”

“Moyo hauna leseni. Kaa.”

Fundi akaikalia mikono yake yote miwili, asije akaisahau ikamfanyia ujinga. Lakini miguu nani angeizuia? Ilikuwa inacheza chini ya meza, na ya jirani yake inacheza, na ya jirani wa jirani. Mtu aliyepita nje angedhani wanasikiliza muziki.

Aliyeteseka kuliko wote alikuwa Mstaafu. Huyu mzee alikuwa tarishi wa posta, na tangu Diwani aingie alikuwa na haja zake zinazojulikana. Kusimama tu si kosa, kosa ni kusema ukiwa umesimama. Lakini mbele ya askari nani alitaka kuwa wa kwanza kunyanyuka? Mzee wa watu alikuwa anajipindapinda kwenye kiti chake kama amekalia kaa la moto.

Mwishowe alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akaonyesha mlango wa uani. Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mstaafu akasimama, akajishika midomo kwa vidole viwili, akamwonyesha Sajenti kwamba hasemi, hasemi kabisa, kisha akatoka mbio za kizee.

Hata Sajenti alicheka. Ile hofu ikalegea kidogo.

Diwani hakucheka. Kabla kiti cha Mstaafu hakijapoa, alikuwa ameshakikalia. Hicho ndicho kiti pekee chenye mgongo mle ndani, na hakuna mteja mwingine anayekigusa.

“Hicho ni cha mzee,” mtu mmoja alisema.

“Akirudi nitampisha. Au mnataka nisimame nihutubie?”

Binti alimletea glasi, akaiweka mbele yake kwa kishindo. Ikamwagika kidogo kwenye suti.

Diwani hakuinywa. Alimtazama Shangazi, akafanya jambo ambalo mpaka leo sijamsamehe.

“Kaka yangu angekuwa hai, baa hii angeshaifunga mwenyewe. Aliniambia, shemeji. Alisema inamwaibisha.”

Shangazi aliumia. Sizungushi maneno, aliumia mno. Alikishika kitambaa cha kufutia glasi kwa nguvu mpaka maji yakamchuruzika kwenye viganja, na mguu wake mmoja ukateremka kutoka kwenye stuli ukagusa sakafu.

“Mama!” Binti aliita.

Mguu ukabaki hapo sakafuni, kisha ukarudi juu taratibu.

“Kaka yako,” Shangazi alisema, “ndiye aliyekubeba mgongoni kukupeleka hospitali ulipokuwa hujiwezi. Aliyatengeneza mabenchi haya kwa mikono yake, wewe ukiwa umekaa pembeni unamshikia misumari. Usimsingizie mtu ambaye hawezi kuja kukujibu.”

Vidole vikagonga meza pande zote, maana ndivyo watu wa pale wanavyopiga makofi. Diwani akainamisha uso.

Halafu akageuka mtu mwingine kabisa.

“Jamani,” alisema, na sauti ikawa ya yule Diwani wa zamani, tuliyempenda. “Nisameheni. Nimekuja na jazba. Mimi ni wenu, mnanijua. Hebu tuzungumze kama ndugu.”

Akaanza kuzungumza. Alizungumzia mitaro, akahamia kwenye taa za barabarani. Akamuulizia huyu mtoto wake, akampa yule pole ya msiba uliokwisha kusahaulika. Akasimulia jinsi alivyokuwa akiyapanga mabenchi haya akiwa kijana, akaicheka hadithi yake mwenyewe, akaanza nyingine. Kura aliyoifuata hakuitaja tena.

Fundi Viatu alimwinamia Mama Vitunguu. “Huyu ana nini? Kaja na polisi kutupigia soga?”

“Muache aseme,” Mama Vitunguu alijibu. “Akichoka ataondoka.”

Shangazi alikuwa anamwangalia shemeji yake. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Diwani alikuwa anacheka na watu, lakini kila akimaliza kucheka anachungulia saa yake ya mkononi. Mtu mwenye haraka hukatisha maneno, huyu alikuwa anayavuta. Alikuwa anangoja nini?

Mlango wa uani ukafunguliwa kwa kishindo.

Mstaafu alikuwa amerudi. Mkono mmoja umeshikilia suruali isianguke, mkanda unaburuzika nyuma yake. Alifungua mdomo mpaka mapengo yote yakaonekana. Kisha akamwona Sajenti. Akakumbuka. Akaufunga mdomo.

Amesimama! Hawezi kusema mpaka akae!

Utaniuliza kwa nini hakumnong’oneza mtu. Msomaji, humjui Mstaafu. Masikio yake ni mazito, na kwa miaka yote ya kazi alizoea kuita majina ya watu kutoka barabarani. Akinong’ona yeye, mtaa wa pili unaitika. Na kwa redio ile, angelazimika kupiga ukunga.

Akakimbilia kiti chake. Diwani yumo.

Mzee akamgonga begani. Diwani akamgeukia akitabasamu.

“Karibu, mzee wangu. Una neno? Liseme tu hapo hapo ulipo, tunakusikiliza.”

Mstaafu akatikisa kichwa kwa nguvu. Akaonyesha kiti.

“Ah, miguu yangu, mzee. Nivumilie kidogo.”

Mstaafu akakimbilia benchi la karibu, akawaashiria watu wasogee. Benchi lilikuwa limejaa mpaka mtu wa mwisho anakalia upande mmoja tu wa mwili. Akajaribu la pili, nalo vilevile. Akaanza kusema kwa mikono. Alisukuma hewa mbele yake kwa viganja, akasukuma tena, mashavu yamevimba, anatoa mngurumo puani.

“Mzee, choo kimegoma?” mtu alipiga kelele.

Baa ikaangua kicheko. Mstaafu akasukuma hewa tena, machozi yanamlengalenga, na kadiri alivyosukuma ndivyo watu walivyozidi kushikilia mbavu.

“Sukuma, mzee! Itatoka!”

Walikuwa wameshikwa na wasiwasi muda mrefu, maskini, walihitaji kucheka. Lakini mimi ningekuwepo pale ningewachapa vibao mmoja mmoja.

Ni Shangazi peke yake ambaye hakucheka. “Kaa chini, mzee!” alimwita. “Kaa popote! Kaa sakafuni!”

Jambo rahisi kama hilo. Mstaafu alimtazama kama mtu aliyeamshwa, akajibwaga kwenye sakafu ya saruji katikati ya miguu ya watu. Na sauti yake ikatokea huko chini, ikaipita redio na vicheko vyote.

“Tingatinga limo sokoni! Nimeliona nikiwa uani, pembeni ya ghala! Wanavunja! Wanavunja sasa hivi!”

Shangazi alinyoosha mkono akaizima redio.

Kisha, kutoka ng’ambo ya lile ghala linaloitenga baa na soko, wakasikia. Mngurumo wa injini. Mabati yanalia yakikunjwa. Mbao zinakatika.

“Walisema kesho,” Fundi Viatu alisema kwa sauti ya mtoto. “Tangazo limesema kesho.”

Diwani alitazama saa yake kwa mara ya mwisho. Sasa hakuificha.

“Mlidhani nimekuja kuwasimamisha?” alisema. “Nimekuja kuwakalisha. Na mmekaa vizuri sana, nawashukuru.”

Ndiyo hivyo, msomaji. Yale matusi, wale askari, yale maneno ya marehemu. Kila alipowachokoza, wao walizidi kujigandisha kwenye mabenchi, wakijipongeza kwamba wamemshinda akili. Na sokoni hakukuwa na mtu wa kupiga hata yowe, maana wote walikuwa hapa, wamekaa.

“Twendeni!” mtu alisema.

“Nendeni,” Diwani aliitikia. “Nani kawazuia? Ila mtoke mmoja mmoja, kimya, kila mtu na njia yake. Mkitoka kwa mkupuo hayo ni maandamano, na mwenye nyumba ndiye atahesabiwa kuyaandaa. Si ndivyo, Sajenti?”

Sajenti aliangalia viatu vyake. “Ndivyo,” alisema.

Mmoja mmoja! Mtu mmoja akifika mbele ya tingatinga, anasukumwa pembeni kama gunia tupu. Wote wanalijua hilo. Na wote waligeuka wakamtazama Shangazi. Hata Fundi Viatu hakusimama. Hakuna aliyesimama. Vibanda vyao vinakunjwa, chakula cha watoto wao kinasagwa, nao wamebaki pale kwa sababu yake, wakingoja kauli yake.

“Shangazi,” Fundi alisema, “tufanyeje?”

Shangazi aliiangalia baa yake. Hakuwa na kingine duniani. Hapa ndipo alipomlilia mume, hapa ndipo alipomlea Binti, na hakuwahi kujua kazi nyingine ya kufanya kwa mikono yake. Alitamani mtu mwingine aamue. Alitamani hata kuzimia.

Akateremka kwenye stuli.

Alizunguka kaunta, akaja mpaka katikati ya baa, akasimama wima mbele ya Sajenti. Watu waliomjua maisha yao yote hawakuwahi kujua kwamba ni mrefu kiasi kile.

“Sajenti, tega sikio vizuri, usije ukasema hukusikia. Mimi mwenye baa hii nimesimama, na ninahutubia.”

“Shangazi, usinifanyie hivyo,” Sajenti alisema. “Nakuomba.”

“Mama, kaa!” Binti alipiga kelele. “Mama, kaa chini!”

“Simameni!” Shangazi alipaza sauti. “Wote! Nendeni sokoni kwenu!”

Mabenchi yalianguka kwa mpigo mmoja. Fundi Viatu alikuwa wa kwanza mlangoni, na askari walipojaribu kuziba njia alipita kati yao, na nyuma yake wakapita wengine, na wengine, mpaka askari wakajikuta wamebanwa ukutani kama makoti. Mstaafu naye alikimbia, suruali mkononi, na safari hii alikuwa anapiga kelele zake zote. Binti alimtazama mama yake, mama akamwonyesha mlango. Akatoka analia.

Sajenti alimshika Shangazi mkono. Hakumvuta. “Umeniponza,” alisema.

“Fanya kazi yako, mwanangu.”

Diwani hakuwa ametikisika kwenye kile kiti cha mzee. Na wala hakuwa peke yake. Kwenye benchi pekee ambalo halikuanguka, Mama Vitunguu alikuwa bado amekaa, glasi ipo mikononi mwake, imejaa vilevile.

“Mama Vitunguu!” Shangazi alimwita, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Sajenti. “Unangoja nini? Kibanda chako kinavunjwa! Simama, dada yangu!”

“Changu kitupu,” Mama Vitunguu alisema. Hakuinua macho. “Nilihamisha mzigo wangu tangu asubuhi.”

“Ulijua?”

Diwani alikohoa, akajitia kufuta tone la bia kwenye suti.

Shangazi alimsogelea, Sajenti akiwa bado amemshika mkono. “Umehamia wapi?” aliuliza. “Dada yangu, utauzia wapi?”

Mama Vitunguu aliitazama kaunta. Akaitazama kabati ya chupa, na ile stuli ndefu iliyobaki wazi.

“Hapa,” alisema. “Leseni yako ikichanwa, inayofuata inaandikwa jina langu.”